Madam na Papa Asiyeogopa

Madam hakujua kuogelea, hakula samaki, na maji mengi kuliko yote aliyoyakaribia bila hofu ni yale ya pipa la ng'ombe wake, kule nyuma ya Dagoretti Corner. Hata hivyo, ukimuuliza mtu yeyote aliyepitia kitengo chetu cha sheria, orofa ya sita katikati ya jiji, Madam alikuwa nani, atakusimulia kwanza habari za papa. Si papa wote. Ni papa mmoja wa bahari kuu, mwenye mapezi marefu yenye ncha nyeupe kana kwamba amechovya vidole kwenye unga. Madam alimpigania kwa miaka mingi kuliko niliyokaa mimi kwenye ndoa, na ndoa yangu si ya jana.

Sote tulimwita Madam. Jina lake lilikuwa mlangoni, kwenye kibao cha shaba alichokipangusa mwenyewe kila Jumatatu, lakini sikumbuki kumsikia mtu akilitaja. Kazi yake ilikuwa kuandika kanuni. Wizara ikitaka jambo fulani liruhusiwe au likatazwe, lililetwa kwetu bichi, nasi tukalivisha maneno. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Naitwa Egesa, mtu wa kabila la Samia, mpangaji wa Ngara juu ya duka la vitambaa, na kila asubuhi nilitembea kwa miguu hadi ofisini nikiomba lifti iwe inafanya kazi.

Kwa kuwa kwetu ni kando ya ziwa, Madam aliamua tangu siku ya kwanza kwamba mimi ni mtaalamu.

"Egesa, wewe ni mtu wa samaki. Huyu papa analala saa ngapi?"

"Madam, kwetu tunajua mbuta na omena. Papa sijawahi kumwona hata kwa picha."

"Unaona sasa? Kama watu wa samaki hawamjui, ni nani atamlilia akiisha?"

Miaka ile yote hakuchoka kuniuliza.

Watu walidhani alimpenda mnyama huyo kwa sababu ya huruma. Hapana. Madam alianza kwa hasira. Alikuwa amepewa kazi ya kulinganisha orodha yetu ya viumbe wanaolindwa na orodha ya mataifa, ile ambayo nchi yetu ilitia sahihi. Akakuta huyu papa yuko kule, kwetu hayupo. Mtu mwingine angeandika barua moja akaenda chai. Madam alichukia pengo kwenye orodha jinsi wengine wanavyochukia mende jikoni. Akaandika barua, akangoja, akaandika nyingine. Kufikia wakati nilipoajiriwa, faili lile lilikuwa nene kiasi cha kufungwa kwa kamba mbili.

Huruma ilikuja baadaye. Mtaalamu mmoja wa bahari alifika kutoka pwani akiwa na picha, akatueleza kwamba zamani papa huyu alikuwa tele huko kwenye kina, mbali na nchi kavu, na sasa mabaharia wanamaliza safari nzima bila kumwona. Akasema tabia yake ndiyo inayomponza. Papa wengine wakisikia chombo hujiweka mbali. Huyu huja. Hana haraka, hana woga, anazunguka chombo akikagua kama mama mwenye nyumba anayekagua wageni. Na vyombo vya siku hizi vimetandaza mishipi ya maili na maili yenye ndoano zisizohesabika. Wavuvi wengi hata hawakumwendea yeye, waliwaendea samaki wengine, naye akaingia. Mapezi yake yana soko, kwa hiyo akishaingia haachwi.

Mtaalamu alipoondoka, Madam alibandika picha moja ukutani, kando ya kalenda ya chama cha maziwa. Akaitazama, kisha akasema, "Anayejua kuogopa atajificha mwenyewe. Asiyejua ndiye anayehitaji sheria." Akaketi na kunituma nimletee faili.

Lazima nieleze jinsi tulivyofanya kazi, maana bila hilo hutaelewa yaliyotokea. Kwa Madam, karatasi haikutoka mlangoni kabla ya kusomwa na watu wawili. Mmoja alishika nakala ya awali akasoma kwa sauti, kila neno na kila alama. Mwingine alifuata kwenye nakala mpya kwa ncha ya penseli. Koma ilitamkwa koma. Mabano yalifunguliwa kwa mdomo na kufungwa kwa mdomo. Tulisoma hivyo kurasa arubaini, hamsini, tukipokezana sauti zikikauka, na saa nne Madam alifungua kitambaa kilichofunga nduma zake za moto, akanimegea, akamimina chai kutoka chupa yake, tukaendelea. Mke wangu alilalamika kwamba hata nikiongea usingizini nasema "funga mabano."

Desturi hiyo ilizaliwa na aibu. Zamani, kabla yangu, Madam alipeleka kanuni fulani Bungeni bila kuilinganisha na chapa, na wapiga chapa walikuwa wameruka mstari mzima. Alisimamishwa mbele ya kamati akaulizwa maswali kama mtoto ambaye hakufanya kazi ya nyumbani. Toka siku hiyo alikuwa na sentensi moja aliyoirudia kuliko sala: "Isitoke kabla hatujaisoma." Na hiyo "hatujaisoma" haikuwa na mtu mwingine ndani yake. Alijaribu kusoma na wengine, akawafukuza kwa kumeza herufi. Miaka ya mwisho tulibaki wawili tu, mimi na yeye. Nilijivunia sana jambo hilo.

Asidhaniwe kuwa alikuwa mtakatifu wa sheria. Madam huyohuyo alivuka barabara popote palipomfaa, mkoba kifuani, akinyoosha kiganja magari yasimame, huku alama za kuvukia ziko hatua kumi kutoka pale. Nilimwambia siku moja, "Madam, si kuna sheria?" Akanijibu, "Hizo sikuziandika mimi." Aliwagombeza makarani mpaka wakalia, kisha mmoja wao akifiwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, akiosha vikombe na wanawake wa jamaa. Majirani zake wote walikuwa wameshajenga magorofa ya kupangisha. Yeye na mumewe, mzee mpole aliyestaafu ualimu, walibaki na shamba lao dogo na ng'ombe watatu katikati ya kuta za watu, na majani ya nepia ya kulisha ng'ombe yamepandwa hadi mlangoni. Akiulizwa kwa nini hajengi alisema ng'ombe hawana pa kwenda.

Kanisani kwake akina mama hutoa maombi kwa zamu. Zamu ya Madam ilipofika, alisimama akaomba waumini wakumbuke kiumbe mmoja wa bahari anayeangamia. Mchungaji alifurahi mno, Jumapili iliyofuata akahubiri habari za Yona kwa saa nzima. Jirani yake kwenye benchi alimnong'oneza, "Kwani ni yule samaki alimeza mtu?" Madam alitusimulia akicheka hadi akavua miwani. "Nikamwambia la, mama, huyu ndiye anamezwa."

Kilichomtesa kweli kilikuwa kitu kidogo sana ukikisikia. Papa ni samaki au ni mnyama wa porini? Ikiwa ni mnyama wa porini, upande wetu ungeweza kumlinda. Ikiwa ni samaki, alikuwa wa ofisi nyingine, iliyokuwa juu mlimani ng'ambo ya bustani, nayo kazi yake ni kutoa vibali vya kuvua. Kutoka kwetu hadi kwao ni mwendo wa dakika ishirini. Faili la papa lilipanda na kushuka mlima ule mpaka nikawa nawajua walinzi wao kwa majina ya watoto wao. Sisi tukiandika, wao hujibu kwamba suala liko nje ya mamlaka yetu. Wao wakiombwa waandike, husema walinzi wa wanyama ni sisi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la Madam lilikuwa na vidonda kweli, alivitibu kwa maziwa.

Siku moja tulipanda pamoja. Afisa aliyetupokea alikuwa mtu mwema, amechoka, amevaa sweta la kufumwa.

"Madam, kusema ukweli, hiyo kitu ni fish. Iko na gills."

"Na ng'ombe ana mapafu kama yako. Mbona hatukukuhesabu naye?"

Afisa akacheka. "Sasa unataka mimi nifanye nini? Mikono yangu imefungwa."

"Nionyeshe kamba."

Aliangalia viganja vyake juu ya meza, na nadhani aliona haya kweli, maana hakuwa na kamba wala hakuwa na uwezo. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba hatupigani na mtu. Ningefurahi tungepata adui. Kila ofisi tuliyoingia tulipewa kiti, tukapewa chai, tukapewa pole.

Waziri alipobadilishwa, faili lilirudi likatazamwe upya. Wizara ilipobadilishwa jina, tulichapa upya ukurasa wa kwanza. Uchaguzi ulipokaribia, hakuna aliyetaka kuguswa na jambo lolote lenye neno "marufuku". Uchaguzi ulipopita, waliotuelewa walikuwa wamehamishwa. Nasi tukaanza tena kueleza, "Kuna papa mmoja wa bahari kuu," na mtu mpya akitabasamu, akiangalia dirishani ambako hakuna hata kidimbwi.

Mara moja tu tulikwenda pwani. Sheria inadai watu watakaoguswa na kanuni waulizwe kwanza, kwa hiyo tulikaa katika ukumbi wa shule, Madam amevaa soksi ndefu na viatu vya kufunga, jasho likimchuruzika. Walikuja watu wachache. Mzee mmoja mvuvi alisikiliza mpaka mwisho, akanyanyua mkono.

"Mama, umetoka Nairobi mpaka hapa kuja kutukataza huyo? Andika tu, mama yangu. Sisi tushamkosa zamani. Wanaomchukua ni meli kubwa huko nje, na meli haikuja mkutanoni."

Madam aliandika maneno hayo yote, pamoja na "mama yangu". Njiani kurudi, treni ilipopita Mtito Andei, alikuwa ameegemeza kichwa dirishani. Nikadhani amelala. Akasema akiwa amefumba macho, "Egesa, hata kama amebaki mmoja, aandikwe. Asife kama hakuwa na kwao."

Na akaandikwa. Sijui ni barua ya ngapi iliyofanya kazi, wala ni nani hatimaye aliyechoka kutukataa. Ilikubaliwa kwamba ofisi zote mbili zitie sahihi, na waziri aliyekuwepo akatia yake juu, na Ijumaa moja kanuni yetu ikatoka katika gazeti rasmi la serikali. Niliifuata kwa mpiga chapa mwenyewe, nikarudi nakimbia kama mwizi. Madam aliifungua hadi kwenye jedwali, akaweka kidole kwenye jina la papa wake na hakukiondoa.

"Kaa chini, Egesa."

Nikakaa. Tulikaa hivyo, watu wazima wawili wenye familia, tukiangalia mstari mmoja wa maandishi. Kisha akasema Jumatatu tutaisoma, halafu niipeleke Bungeni.

Hapa pana jambo la kisheria na nitalisema kwa kifupi. Kanuni ikishachapishwa, lazima iwasilishwe Bungeni kabla ya siku saba za vikao kwisha, siku zisizo na kikao hazihesabiwi. Isipowasilishwa, inakufa. Haisimamishwi wala hairudishwi irekebishwe. Inakuwa kana kwamba haikuandikwa.

Jumapili ile mume wa Madam alianguka zizini akikamua. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa ganzi. Jumatatu asubuhi Madam alinipigia kutoka hospitalini, na sauti yake ilikuwa ileile ya kazi. "Nitakuwa huko Jumatano. Isitoke kabla hatujaisoma." Jumatano hakuja. Nikampigia, simu imezimwa. Wiki ya pili yule mzee alifariki.

Kila anayeishi Nairobi anajua tunavyofanya mtu akifiwa. Unabeba mkate na sukari, unakwenda nyumbani kwake kila jioni baada ya kazi, unakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, mnaimba, mnaomba, mnapanga mazishi. Jambo moja hulifanyi: humpelekei mfiwa karatasi. Hata mkopeshaji hufunga mdomo mpaka mwili uzikwe. Mimi nilikwenda Dagoretti kila jioni nikiwa na lile gazeti kwenye mkoba wangu, na nakala ya awali kando yake. Nilikaa safu ya tatu. Madam alikuwa ameketi kati ya dada zake, amejitanda leso, amekuwa mdogo ghafla.

Jioni ya pili aliniita kwa mkono.

"Egesa, ofisi inaendeleaje?"

"Iko sawa, Madam. Usiwe na wasiwasi."

"Na ile yetu?"

"Hiyo pia iko sawa."

Nini kingine ungemwambia mjane mbele ya dada zake? Kila mtu pale alikuwa anamwambia kila kitu kiko sawa. Kaburi liko sawa, hema liko sawa, ng'ombe wamekamuliwa. Mimi nilimaanisha kwamba itakuwa sawa, kwamba kesho nitapata njia. Alinishika mkono akasema ahsante, na nikaona mabega yake yakishuka kidogo.

Ningeweza kuisoma na mtu mwingine. Nilikuwa na karani, nilikuwa na wanafunzi wa mafunzo ya kazi, wote wana macho. Nilifunga mlango nikaisoma peke yangu kwa sauti mbele ya ukuta, koma kwa koma, chini ya picha ya papa, na sikuona kosa hata moja. Bado sikuthubutu. Nilimwona akilini Madam akirudi kutoka matanga, akikuta imetoka bila yeye na ina mstari umerukwa. Isitoshe, nilikuwa nimesikia kwamba wabunge wanakwenda mapumzikoni mwisho wa wiki, na vikao vikisimama, siku nazo husimama. Nikajipa moyo. Hawakwenda. Waliongeza vikao ili wamalize shughuli zao, na mimi nilikuwa Dagoretti nikipanga viti. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Nilipoipeleka hatimaye, baada ya mazishi, mama aliyepokea karatasi aliiangalia tarehe, akageukia kalenda ya ukutani, akahesabu kwa kalamu huku midomo ikicheza. Akahesabu tena, kwa hisani yangu.

"Boss, hii imekufa jana."

"Jana?"

"Jana jioni. Pole sana, aki."

Nilirudi ofisini nikaketi. Sikulia. Nilihisi aibu ya aina ambayo mwili hauna pa kuiweka. Mkuu wetu alisema haidhuru, tutaianza upya, na kuianza upya ni barua ya kwanza, mlima, mkutano wa pwani, sahihi tatu. Mwezi uliofuata waziri alibadilishwa. Madam alitimiza umri wa kustaafu akiwa bado kwenye likizo ya msiba, akaja siku moja tu kuchukua vitu vyake. Nilimfungulia kibao cha shaba kwa bisibisi, nikambebea sanduku hadi kwenye lifti. Hakuniuliza. Nami nikajiambia nitakwenda kwake wiki ijayo nimweleze vizuri, tukiwa tumetulia. Wiki hiyo ilipita, mvua za masika zikapita, na za vuli, na masika tena.

Sikuwahi kwenda. Kutoka kwangu hadi Dagoretti Corner si mbali. Nilipata kila sababu anayoweza kupata mtu asiyetaka. Kila nikimfikiria, nilimwona akiishi kwa amani akiamini papa wake analindwa, nikajidanganya kwamba namwachia zawadi.

Kisha juzijuzi tulipelekwa semina Karen, katika hoteli yenye majani mabichi kila upande, semina ya mambo ya mawe na machimbo. Wakati wa chakula cha mchana nilitoka nikaingia kwenye maduka ya karibu kununua waya wa simu. Kwenye sehemu ya samaki ya duka kubwa nikasikia sauti ninayoijua.

"Hii ni samaki gani?"

Alikuwa Madam, mweupe kichwani, sweta la bluu, mkono mmoja umeegemea kioo cha kaunta. Muuzaji, bwana wa makamo mwenye aproni nyeupe, alimwonyesha sinia la vipande vinene juu ya barafu.

"Hiyo ni papa, mum. Fresh kabisa, imefika asubuhi."

"Papa gani?"

"Papa tu. Papa si ni papa?"

"Kuna mmoja wa bahari kuu ambaye hauzwi. Mapezi yake yana ncha nyeupe. Sheria imekataza."

Bwana yule alivitazama vipande vyake, havina ngozi wala mapezi. "Mum, hizi hukuja zikiwa zimekatwa. Mimi siwezi jua ni gani."

"Basi unajuaje si yeye?"

Hapo Madam akageuka akaniona. Nilitaka kukimbia, Mungu ananijua. Akanitazama juu hadi chini.

"Egesa. Umenenepa." Kisha akamgeukia muuzaji. "Huyu ni mtu wa serikali. Muulize yeye. Egesa, mwambie."

Nikasema, "Ni kama vile Madam amesema." Bwana yule alisita, akasema haya basi, hatukujua, akavuta lile sinia akaliweka chini ya kaunta. Madam aliitikia kwa kichwa mara moja, kama alivyofanya tukimaliza ukurasa usio na kosa.

Nilimsindikiza nje. Alikuwa anamngoja binti yake anayefanya kazi benki ya hapohapo. Tuliketi kwenye benchi, akaniuliza habari za mke wangu na za lifti. Nikaona kwamba nisiposema leo nitazikwa nalo.

"Madam, ile kanuni yetu..."

"Ilikufa. Najua."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Bunge huchapisha orodha ya karatasi zilizowasilishwa. Niliisoma wiki baada ya wiki mpaka nikajua haitakuja. Nilikuwa mjane, Egesa, sikuwa kipofu."

Sikuweza kumtazama. Nikamwambia niliogopa kumsumbua akiwa na msiba. Nikamwambia nilikuwa nayo kwenye mkoba kila jioni.

"Kila jioni?"

"Kila jioni, Madam."

Alihesabu kwa vidole. "Siku ile nilipokuuliza, zilikuwa zimebaki siku nne."

"Ndiyo."

"Ungeniambia, ningekutukana mbele ya dada zangu. Kisha ningevaa viatu tukaisoma kule nyuma kwa ng'ombe, na kesho yake nikaipeleka mwenyewe na nguo za matanga. Mzee wangu angengoja. Alikuwa mtu wa kungoja." Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonikata. "Nilikungoja uje, Egesa. Si kwa ajili ya papa. Uje tu."

Nilikaa nikitazama viatu vyangu, mtu mzima, nikitamani ardhi ipasuke. Baadaye nikamuuliza kwa nini basi amemwambia yule muuzaji kwamba kuna sheria.

"Nilitaka kuiona ikitiiwa. Hata mara moja."

Alikunja mikono mapajani. Jua lilikuwa kali, akafumba macho akaonekana ametulia. Kisha akakumbuka kwamba amesahau chumvi. Nikamwambia akae, nitamletea mimi. Nilifurahi kupata kitu cha kufanya.

Yule bwana wa samaki aliniona nikipita, akaniita kwa sauti ya chini.

"Boss, hebu niambie ukweli. Supervisor ataniuliza nimetoa hii stock kwa nini. Hiyo sheria ya mum, iko ama haiko?"

Sinia lilikuwa bado chini ya kaunta. Nilijua neno alilotaka kusikia, na nilijua jingine ambalo lingeliacha sinia pale lilipo, walau mpaka jioni. Lakini nilikuwa nimetoka kwenye benchi lile dakika hiyohiyo, na uongo wa huruma ulikuwa umenikaa kooni kama mwiba.

"Haiko," nikamwambia.

"Haiko kabisa?"

"Ilikuwa karibu iwe."

Akashusha pumzi. Akainama, akalitoa sinia, akapangusa ukingo wake kwa kitambaa na kulirudisha juu ya barafu, palepale. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akamwonyesha kwa kidole kipande anachotaka.

Nilichukua chumvi nikatoka. Madam alifumbua macho.

"Umekawia. Kulikuwa na foleni?"

Nikamwambia ndiyo, foleni ilikuwa ndefu. Nikasimama upande wa kioo cha duka, nikimzibia asione ndani, mpaka binti yake alipokuja kumchukua.